Redio kongwe: Vipuri vipya vyapandisha bei, usiri waishusha

Redio mbili za Philco modeli 90, zote za mwaka 1931, zinaweza kuwekwa mezani mnadani zikiwa na sura moja na sauti moja, lakini moja ikawa mali na nyingine ikawa hasara kwa mnunuzi. Tofauti haiko kwenye mbao wala kwenye spika. Iko kwenye vipuri vilivyofungwa ndani: ni vipi vya kiwandani, ni vipi vya nakala, na kama muuzaji amesema ukweli juu yake.

Huo ndio utata unaoikabili biashara ya kufufua redio za valvu, ambayo soko lake kubwa liko Marekani na Uingereza. Viwanda vilivyotengeneza nyingi ya redio hizo vilikwishafungwa au kubadili kazi. Bila vipuri vya nakala, yaani vinavyotengenezwa upya kwa kufuata umbo la vile vya zamani, redio nyingi zingebaki maboksi ya mapambo. Hata hivyo vipuri hivyohivyo, vikitumiwa kwa siri, huondoa imani ya wanunuzi na kuvuruga bei.

Wingi wa bidhaa

Anayeingia katika soko hili akidhani kwamba kitu cha kale lazima kiwe ghali huanza na kosa. Philco ya Philadelphia ilijenga jina lake kwa kuuza kwa wingi na kwa bei nafuu. Mwaka 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umekwisha kuporomoka, kampuni hiyo ilitoa modeli 20, redio ya mezani yenye valvu 7 na boksi la mbao lililochongoka juu kama dirisha la kanisa. Iliuzwa dola 49.50, valvu zikilipiwa kando. Wakati huo redio kubwa za kusimama sakafuni ziligharimu zaidi ya hapo mara kadhaa.

Mwaka uliofuata ikaja modeli 90, yenye valvu 9 na mtambo wa aina ya superheterodaini, ambao ulitenganisha vituo vizuri zaidi. Umbo lake ndilo ambalo watu wengi huliona akilini wanaposikia maneno redio ya zamani. Lakini kwa sababu zilitengenezwa nyingi, nyingi pia zimesalia. Bei ya modeli 90 iliyofufuliwa vizuri huhesabiwa kwa mamia ya dola, si kwa maelfu. Mwenye kutafuta maelfu hutazama redio adimu, na huko ndiko udanganyifu unakolipa zaidi.

Vinavyochakaa kwanza

Redio ya valvu iliyokaa darini miaka 60 haifai kuchomekwa kwenye umeme kwa majaribio. Sehemu inayoharibika kwanza ni kapasita. Zile za zamani zilifungwa kwa karatasi na nta, na karatasi ikivuta unyevu umeme huvuja. Zile za kielektroliti, ambazo kazi yake ni kusawazisha umeme, hukauka. Zikipitisha umeme kupita kiasi, transfoma huungua, na transfoma ya redio ya mwaka 1931 haipatikani katika duka la kawaida.

Ndiyo maana fundi mzoefu huiwasha redio kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya kawaida iliyounganishwa kwa mfululizo. Kukiwa na hitilafu, balbu huwaka kwa nguvu na redio husalimika.

Habari njema kwa mfanyabiashara ni kwamba kapasita mpya za filamu ya plastiki ni rahisi, hudumu, na hutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya vifaa vya kisasa. Kapasita za redio nzima huweza kugharimu makumi machache ya dola. Rezista za kaboni, ambazo nyingi hupanda thamani ya ukinzani kadiri zinavyozeeka, ni nafuu zaidi.

Kazi ngumu ni kuzificha. Philco ilifunga kapasita zake katika vijiboksi vidogo vya bakelaiti na kuvijaza lami. Fundi anayejali sura ya awali hukipasha moto kijiboksi, akatoa lami na kapasita iliyokufa, akaingiza mpya, kisha akakirudisha mahali pake. Za karatasi hutobolewa, zikawekwa kapasita ndogo ya kisasa ndani ya ganda la zamani, zikazibwa kwa nta. Ukiipindua redio, utaona mpangilio kama ulivyotoka kiwandani.

Je, huo ni udanganyifu? Wakusanyaji wengi wanasema sivyo. Kapasita ni kitu cha kuchakaa, kama tairi la gari. Redio iliyobadilishwa kapasita kwa usafi hupanda bei, kwa kuwa mnunuzi anajua haitawaka moto sebuleni. Ambacho mnunuzi hasamehe ni fundi aliyekata nyaya ovyo, akaacha risasi ya kulehemu imevimba kama uji, na kutupa sehemu za zamani.

Vinavyoonekana kwa macho

Hali inabadilika inapofika kwenye sehemu za nje: kitambaa cha spika, vitufe vya kuzungusha, kioo au karatasi ya namba za mawimbi, nembo ya kubandika, na fremu ya chuma inayoizunguka.

Kitambaa huoza kwa jua na kuliwa na wadudu. Leo hufumwa vitambaa vinavyofuata ruwaza za zamani, na huuzwa kwa kipande. Vitufe hutengenezwa kwa kutumia kile kilichosalia: fundi hukitumbukiza katika mpira wa silikoni, hupata kalibu, kisha humimina rezini yenye rangi. Kitufe kimoja halisi kinaweza kuzaa mamia. Nembo huchapwa kwenye karatasi inayolainishwa kwa maji, ikateleza na kushika mbao. Fremu za aloi ya zinki, ambazo huvimba na kupasuka zenyewe kwa sababu ya uchafu uliokuwamo katika madini, humiminwa upya au, siku hizi, huchapwa kwa mashine za pande tatu.

Wauzaji wa bidhaa hizo ni wadogo, wengine wakifanyia kazi gereji ya nyumbani. Miongoni mwa waliokua ni Antique Electronic Supply ya Tempe, Arizona, ambayo huuza valvu, kapasita, vitambaa, vitufe na mengineyo kwa katalogi. Muuzaji wa vipuri ana nafasi moja ambayo mfufuaji hana. Hubebi redio nzima, hulipii kazi ya saa nyingi, na mteja anayeharibu kitambaa cha kwanza hurudi kununua cha pili. Katika msururu huu wote, faida iliyo thabiti zaidi inaelekea kukaa kwake.

Kwa redio ya kawaida kama modeli 90, kitambaa na vitufe vya nakala havipunguzi bei sana, mradi vimefuata asili. Kwa redio adimu, kila kipande kina uzito wake.

Mfano ni Sparton Bluebird, modeli 566, iliyochorwa na mbunifu Walter Dorwin Teague katikati ya miaka ya 1930 kwa ajili ya kampuni ya Sparks-Withington ya Jackson, Michigan. Uso wake ni duara kubwa la kioo cha kujitazamia cha rangi ya bluu. Mtu hanunui sauti ya Bluebird. Ananunua kioo hicho. Kikivunjika, fundi wa vioo anaweza kukata kingine cha bluu, na redio itapendeza mezani kama kawaida. Lakini thamani kubwa ilikuwa kwenye kile kilichovunjika.

Uingereza kuna kisa kinachofanana nacho. Ekco AD65 ya mwaka 1934, redio ya duara ya bakelaiti iliyochorwa na Wells Coates na kutengenezwa Southend-on-Sea, ilitoka zaidi kwa rangi ya kahawia au nyeusi. Za rangi nyingine, kama kijani, ni chache na bei yake iko mbali kabisa. Ganda la kahawia likipakwa rangi halizai redio ya kijani, hata likang'aa namna gani. Mkwaruzo mdogo mahali pasipoonekana hutosha kuonyesha kama rangi imepenya plastiki yote au imekaa juu tu.

Valvu na soko la dunia

Wengi hudhani valvu ndizo sehemu ngumu kupatikana. Kwa sehemu kubwa sivyo. Marekani ilitengeneza valvu nyingi mno, zikiwamo za jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, na maboksi yenye alama ya JAN bado yamo maghalani. Valvu nyingi za redio za kawaida huuzwa kwa dola chache, zikiwa hazijawahi kutumika.

Viwanda vilivyobaki vinavyotengeneza valvu mpya havimfikirii mwenye redio kongwe. JJ Electronic ya Čadca, Slovakia, na kiwanda cha Saratov, Urusi, kinachomilikiwa na New Sensor ya New York, hutengeneza zaidi valvu za vikuza sauti vya magitaa na vya wapenzi wa muziki. Western Electric imerejea kutengeneza valvu yake ya 300B huko Rossville, Georgia, nayo pia ni kwa ajili ya muziki.

Jinsi soko hilo lilivyo jembamba ilionekana Machi 2022. Urusi ilipozuia usafirishaji wa bidhaa zaidi ya 200 kujibu vikwazo vya nchi za Magharibi, New Sensor iliwatangazia wateja wake kwamba valvu za Saratov zimekwama. Usafirishaji ulirejea baadaye, lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kukimbilia akiba na bei zikapanda.

Wapenzi wa muziki wanaigusa pia redio kongwe. Toleo la mwanzo la Philco 90 lilitumia valvu mbili za aina ya 45 kusukuma spika. Valvu hiyo inasifiwa na wajenzi wa vikuza sauti, na jozi nzima iliyopimwa ikaonekana ina nguvu huweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 100. Hivyo kuna redio ambazo valvu zake mbili zinakaribia thamani ya redio yenyewe. Matokeo yake yanatabirika: mnunuzi anakuta redio nzuri, safi, yenye soketi mbili tupu.

Hesabu ya mfufuaji

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini zinaonyesha hesabu inavyokwenda. Mtu amenunua Philco 90 mbovu kwa dola 100. Kapasita na rezista dola 40. Kitambaa dola 30. Vitufe na nembo dola 35. Valvu moja ya kawaida dola 15. Vanishi, gundi na vinginevyo dola 30. Jumla ni dola 250.

Akiiuza kwa dola 350, amebaki na dola 100. Kazi ya kusafisha, kubandika upya ubao mwembamba uliobanduka, kulehemu na kurekebisha mtambo huchukua saa 25 bila shida. Hiyo ni dola 4 kwa saa, kabla ya kulipia usafiri, tangazo na ada ya mnada. Kama valvu mbili za 45 hazikuwamo na jozi imenunuliwa kwa dola 120, gharama inafika dola 370 na hasara imekwisha kuingia.

Hii ndiyo sababu wengi wanaofufua redio za kawaida ni wastaafu na wapenzi wa kazi hiyo, wasiohesabu saa zao. Wanaoishi kwa biashara hii hufanya moja ya mambo matatu. Huuza vipuri, hutoza wenye redio za urithi malipo ya ufundi yanayokubaliwa kabla ya kazi kuanza, au hushughulika na redio chache adimu wanazozijua kwa undani.

Nakala na bandia

Mpaka kati ya nakala na bandia haupo kwenye kipuri, upo kwenye maneno ya muuzaji. Kitufe cha rezini kilichoandikwa kwenye risiti kuwa ni cha rezini ni bidhaa halali. Kitufe hichohicho kikiuzwa kama cha mwaka 1931 ni wizi.

Mnunuzi hana haja ya kuwa fundi ili ajikinge. Skrubu zenye mfereji wa msalaba zilianza kuenea viwandani katikati ya miaka ya 1930, hivyo zikionekana kwenye redio ya 1931 zimewekwa baadaye. Uso wenye masafa ya FM ya 88 hadi 108 hauwezi kutangulia mwaka 1945, ambapo Marekani iliyatenga masafa hayo. Alama mbili ndogo kwenye 640 na 1240 ni za mpango wa tahadhari wa Marekani wa mwaka 1953 hadi 1963.

Alama ya FM ina faida ya pekee, kwa sababu ziko redio nzima za kuiga. Tangu miaka ya 1980 jina la Crosley, kampuni iliyoanza Cincinnati miaka ya 1920, limerudi sokoni likiwa la wamiliki wengine, kwenye bidhaa za kisasa zenye sura ya kale. Redio za namna hiyo ziliuzwa waziwazi kama mapambo, nyingine zikiwa na nafasi ya kanda ya kaseti ubavuni. Waliozinunua kwanza hawakudanganywa. Anayedanganywa ni yule anayeikuta miaka 30 baadaye, vumbi limetanda, na muuzaji anasema ilikuwa ya babu.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Redio za valvu si ngeni katika eneo hili. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, ilisikilizwa kwa redio za mbao kutoka Ulaya, nyingine zikitumia umeme wa nyumbani na nyingine betri kubwa za volti nyingi. Transista ndizo zilizoziondoa sebuleni kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950. Zilizosalia ziko juu ya makabati, zikiwa zimefunikwa kitambaa cha mkono.

Mwenye nayo asiharakishe kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, wala asiharakishe kuipaka rangi. Vanishi ya awali, hata ikiwa imechujuka, na kitambaa cha awali, hata kikiwa na doa, ni vitu ambavyo hakuna nakala inayovirudisha vikishatupwa. Kuisafisha taratibu na kuiacha kama ilivyo ndiyo njia isiyopoteza thamani.

Anayefikiria kuagiza redio kutoka Marekani ajue jambo moja la hatari. Redio hizo zimetengenezwa kwa umeme wa volti takriban 117. Zikichomekwa kwenye volti 230 za hapa, huungua papo hapo. Zinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Aidha, redio ndogo nyingi za Marekani za miaka ya 1940 na 1950 hazina transfoma ndani. Nyuzi za valvu zake tano huunganishwa mfululizo, kwa mfano mbili za volti 12 na nyingine kama hizo, moja ya 35 na moja ya 50, ili jumla ikaribie volti 120. Katika redio hizo fremu ya chuma yenyewe inaweza kubeba umeme. Kitufe kikikosekana na mtu akashika kijiti chake kwa vidole, kinachoweza kumpata si mshtuko wa kuchekesha.

Hapo kitufe cha nakala cha dola chache kinaacha kuwa urembo na kuwa kinga ya maisha.

Wafanyabiashara wa vipuri vya magari na mashine watalitambua jambo hili bila kufundishwa. Wateja wao hawakatai kipuri kisicho cha kiwanda cha asili. Hukataa kulipishwa bei ya cha asili kisha wakapewa kingine. Baadhi ya mafundi wa redio kongwe wamejiwekea desturi isiyogharimu kitu: huandika orodha ya kila walichobadilisha na tarehe yake, wakaibandika ndani ya boksi, nyuma ya spika. Vipuri vya zamani huwekwa katika bahasha na kukabidhiwa mnunuzi.

Redio yenye karatasi hiyo huuzika kwa haraka kuliko isiyo nayo. Mnunuzi wa pili na wa tatu hawatamjua fundi, lakini watajua walichonunua.